Nywele zinaota, urefu hauongezeki: kisa cha utosi uliokuwa ukikatika

Mhusika ni mwanamke anayekaribia miaka 40, mwenye nywele za kipilipili zilizojikunja sana: ukivuta msokoto wa pembeni unafika kidevuni, ukiuachia unarudi juu ya sikio. Dawa ya kulainisha aliiacha miaka mingi iliyopita na nywele zote zilizowahi kupitiwa na dawa zilishakatwa, kwa hiyo hilo tuliliweka kando mapema. Nywele zake ziliishi kwa mzunguko mmoja. Rasta kwa karibu miezi miwili, siku ya kufumua anafumua na kuosha papo hapo, anakaa na nywele zake wiki moja au mbili akizibana kwa juu, anarudi kusukwa. Miaka ilipita, urefu ukabaki palepale.

"Dada, mimi nywele zangu hazikui," alisema hata kabla hajavua kitambaa. "Mafuta nimebadilisha mpaka nimechoka. Nadhani ndivyo tulivyo kwetu."

Mimi ni msusi, na malalamiko hayo nayasikia karibu kila siku. Safari hii yalikuwa rahisi kuyapima, kwa sababu alikuja na rasta za wiki nane kichwani. Siku aliposukwa, fundo la kwanza liligusana na ngozi. Sasa kati ya ngozi na fundo palikuwa na nywele mpya za sentimita moja na nusu hivi. Hesabu inakubali: vipimo vilivyochapishwa na mtafiti wa nywele Geneviève Loussouarn mwaka 2001 viliweka wastani wa ukuaji wa nywele za Waafrika kwenye milimita 0.26 hivi kwa siku, huku za watu wa asili ya Ulaya zikikaribia 0.4. Zidisha 0.26 kwa siku 56, unapata sentimita moja na nusu kasoro kidogo. Nywele za dada huyu zilikuwa zinakua vilevile inavyotarajiwa. Kama urefu hauongezeki, basi kila mzunguko kuna sentimita moja na nusu inayopotea upande wa ncha, na hakuna mafuta ya kupaka kwenye ngozi yatakayoziba upotevu wa huko.

Kwa hiyo tuliacha habari ya kukuza. Tukauliza zinakatikia wapi, na siku gani.

Ramani ya kichwa

Tulifumua rasta chache za kila upande ili kuona. Pembeni, juu ya masikio, nywele zilikuwa ndefu na ncha zake nene. Kisogoni zilikuwa fupi kidogo. Kwenye paji, karibu na panja, mstari wa nywele ulikuwa umepungua ujazo. Utosini ndiko kulikokuwa na balaa: nywele za sentimita tano, sita, nyingine tatu, zimesimama kila moja na urefu wake, na katikati ya baadhi yake unaona kinundu cheupe kidogo kama punje. Kinundu hicho ni mahali ambapo gamba la nje la unywele limeshachanika na nyuzi za ndani zimeanza kutawanyika. Ukiukunja unywele hapo, unavunjika.

Utosi ukikatika peke yake, mtu asikimbilie chupa. Upo ugonjwa wa ngozi ya kichwa unaoacha makovu, unaowapata zaidi wanawake weusi, ambao huanzia utosini na kutambaa kuelekea nje. Na dalili yake ya mwanzo yaweza kuwa nywele za utosi kukatika tu, kabla hujaona upara wowote. Ukichelewa, vinyweleo vinazibwa na kovu na nywele hazirudi tena. Mteja huyu hakuwa na muwasho, hakuwa na maumivu, na matundu ya vinyweleo yalionekana vizuri. Hata hivyo nilimwomba apite kwanza kwa daktari wa ngozi, naye akaenda. Daktari alitazama kwa lenzi na hakuona dalili ya kovu. Akamweleza kwamba utosini shida ni ya unywele wenyewe, wala si ya ngozi, na kwamba pale mbele kuna mvuto wa kusukwa. Hilo la mbele nitalirudia.

Baada ya hapo tulikuwa na washukiwa wa kawaida: uzito wa rasta, mpira wa kubania, foronya ya pamba, shampuu, chanuo. Kila mmoja huacha alama zake mahali pake. Uzito na kubana kwa rasta huonekana kwanza mbele na pembeni. Mpira unaokaa sehemu ileile huacha mkato wa duara, nywele zikikatika kwa umbali unaofanana kutoka kwenye ngozi. Foronya husaga kisogo na upande mtu anaolalia. Utosi haulaliwi na hauvutwi kama paji. Kinachoufikia kwa nguvu ni maji na chanuo.

Robo ya kwanza na robo ya pili

Siku ya kufumua nilimwomba afanyie kazi hiyo kwenye kiti changu, kwa mikono yake mwenyewe. Tuligawa kichwa robo nne kwa mistari miwili inayokutana utosini, ili kila robo ipate kipande chake cha utosi. Robo ya kwanza aifanye kama anavyofanya nyumbani, mimi nisiseme kitu. Mabegani tuliweka kitambaa cheupe.

Alifumua rasta zote za robo hiyo. Akazitikisa. Shinani, pale fundo la kwanza lilipokuwa, palibaki vipete vya uchafu wa kijivu: jasho, mafuta ya zamani, vumbi na nyuzi za nguo. Aliviacha. Akaenda moja kwa moja kwenye sinki, akamwaga maji, akamimina shampuu, akazikusanya nywele juu na kuzisugua kwa kuzungusha vidole. Akasuuza, akazikamua kwa taulo, kisha akakaa kusubiri. Nilipomuuliza anasubiri nini, alijibu kama jambo linalojulikana na kila mtu: nywele mbichi hazichanwi, zinakatika, sharti zikauke kidogo. Zilipokauka kidogo akachukua chanuo la meno ya wastani, akaliingiza utosini, shinani kabisa, akavuta.

Ile sauti ndiyo nataka msomaji aifahamu. Ta. Ta-ta. Ta-ta-ta-ta. Kila mwenye nywele za aina hii ameshaisikia na wengi wameizoea kiasi cha kuiona ni sauti ya kuchana. Nywele iliyokwisha kung'oka yenyewe inateleza kimya. Kinacholia ni unywele unaovunjika.

Robo ya pili niliifanya mimi. Rasta zilipofumuliwa, hakuna maji yaliyogusa nywele kwanza. Nilitia mafuta kidogo kwenye vile vipete vya shinani na kuvisagasaga kwa ncha za vidole mpaka vikalegea na kuchomoka. Nikagawa robo hiyo vipande vinne vidogo, vitatu nikavibana pembeni. Kipande kilichobaki nilikinyunyizia maji kwa chupa mpaka kikawa kibichi bila kuchuruzika, nikapaka kondishena nyingi, ile yenye utelezi, kuanzia ncha. Kisha vidole peke yake. Unatafuta pale nywele mbili tatu zilipokumbatiana, unazitenga kwa kuzivuta upande huu na huu, huzivuti kwenda chini. Zile zilizokwisha kung'oka zinakufuata mkononi zenyewe. Vidole vikishapita, ndipo chanuo la meno mapana: sentimita mbili za mwisho kwanza, zikipita safi unapanda mbili nyingine, mkono wa pili ukiwa umeshika nywele juu ya chanuo ili mvuto usifike shinani. Kipande kikimalizika kinasokotwa butu nene na hakiguswi tena. Nywele ziliendea sinki zikiwa ndani ya mabutu manne na shampuu ikapita kwenye ngozi, katikati ya mabutu, bila kuyafungua.

Tukalinganisha vitambaa. Hapo mteja alishtuka.

"Sasa dada, mbona huku kwako ndiko zimetoka nyingi? Si umening'oa?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Lundo la robo yake lilikuwa dogo, linatosha kwenye kijiko. Langu lilijaa ngumi. Tulizitandaza kwenye kitambaa cheusi chini ya taa, na habari ikageuka. Za kwake nyingi zilikuwa vipande vya sentimita mbili hadi tano, ncha zote mbili zimekatika. Za kwangu karibu zote zilikuwa ndefu, urefu kamili wa nywele zake, na kwenye ncha moja kuna kichwa kidogo cheupe. Kichwa hicho ndicho shina lililokuwa ndani ya ngozi. Unywele wa namna hiyo haukukatwa na mtu. Ulimaliza muhula wake, ukaachia ngozi wenyewe, labda wiki tano zilizopita, ukabaki umeshikiliwa ndani ya rasta.

Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Mwenye nywele zilizonyooka huziacha bafuni na kwenye mto, hazioni kwa pamoja. Kwenye msokoto hazina pa kutokea, na ndani ya rasta zimefungwa kabisa. Siku 56 ni nywele 2,800 hadi 5,600 kwa kichwa kizima. Robo moja peke yake ilistahili kutoa 700 kwa uchache. Ngumi nzima ya nywele ni hesabu halali. Cha kutia wasiwasi kilikuwa kile kijiko cha robo ya kwanza, kwa sababu zile mamia nyingine hazikupotea. Zilikuwa bado kichwani, zimejiviringisha kwenye nywele hai, na kwa utaratibu wake wa siku zote angezisukia rasta juu yake. Mzunguko unaofuata unaanza na fundo la mzunguko uliopita.

Kilichokuwa kinatokea ndani ya fundo

Unywele wa kipilipili umetengenezwa kwa keratini, protini ileile ya nywele za kila binadamu. Tofauti iko kwenye umbo. Ukiukata na kuutazama pale ulipokatwa, ni bapa, hauna duara kamili, na kadiri unavyokwenda unajipindua juu ya mhimili wake. Kwenye kila mpinduo unene unapungua na mvuto wote unakusanyika hapo. Mwaka 2000 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha uchunguzi wa hadubini wa nywele za Waafrika ambazo hazina dawa, wakizilinganisha na za Wazungu na Waasia. Za Waafrika zilikuwa na mafundo na mipasuko mingi zaidi, na ncha nyingi zilikuwa zimevunjika. Hao hawakuwa wagonjwa. Ni nywele za kawaida zinazochanwa kila siku kwa namna ya kila siku.

Sasa weka maji juu ya nywele ambazo zimetoka kufumuliwa zikiwa na mamia ya nywele zilizong'oka. Rasta ilikuwa imezinyoosha. Maji yanaondoa ule mnyoosho, kila msokoto unarudi kwenye umbo lake la kuzaliwa, na unaporudi unajifunga juu ya chochote kilicho jirani. Ongeza kusugua kwa kuzungusha: magamba ya unywele mmoja yanang'ang'ania ya mwingine, na lundo linajikaza kama sweta ya sufu iliyofuliwa kwa maji moto. Vile vipete vya uchafu vikilowa vinakuwa gundi. Halafu ndipo chanuo linaingizwa shinani na kuvutwa. Linasukuma kila fundo dogo lililoko njiani kwenda kulirundika kwenye fundo la chini yake, na mkono unaongeza nguvu. Kinachoachia kwanza ni mpinduo mwembamba kuliko yote. Ndiyo maana vipande vyake vilikuwa vya sentimita mbili hadi tano na si vya urefu mmoja.

Kwa nini utosi na si pembeni? Kwa sababu tatu zilizokutana. Misokoto yake ya utosini ni midogo kuliko ya pembeni, jambo la kawaida, kwani kichwa kimoja huwa na aina mbili tatu za mkunjo. Maji aliyamwaga kuanzia juu, na shampuu akasugulia juu. Na kuchana alianzia juu, bila kugawa, akiwa na nguvu zote mkononi. Alipofika pembeni alikuwa amechoka, anachana kidogo kidogo. Uchovu ulikuwa unaziokoa nywele za pembeni.

Hili la nywele mbichi

Ushauri wa kutochana nywele mbichi haukuzuka hewani. Kwa nywele zilizonyooka una mantiki: zikilowa zinashikana, zinahitaji nguvu zaidi kupitisha chanuo kuliko zikiwa kavu, na unywele uliolowa unarefuka kirahisi kabla ya kukatika. Kwa nywele za kipilipili hesabu inapinduka. Kinachozuia chanuo ni mkunjo wenyewe, na maji hulegeza viungo vidogo ndani ya keratini vinavyoshikilia mkunjo. Vipimo vya nguvu ya kuchana vimeonyesha hivyo kwa muda mrefu: nywele zilizojikunja sana huchanika kwa nguvu ndogo zaidi zikiwa mbichi kuliko zikiwa kavu.

Lakini nusu ya ushauri ule inabaki kweli hata kwetu. Unywele uliolowa umepoteza sehemu ya uimara wake. Ukiuvuta unarefuka, na ukizidisha unapita mahali ambapo hauwezi kurudi. Kwa hiyo ubichi peke yake hautoshi, unahitaji kitu cha kuteleza. Hapo kondishena inafanya kazi ambayo mafuta hayaifanyi. Uso wa unywele, hasa ulioharibika, una chaji hasi; viungo vikuu vya kondishena vina chaji chanya, vinanata palepale penye jeraha na kupunguza msuguano. Mafuta ya nazi yana faida yake, yanapenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, lakini hayakupi utelezi wa kupitisha chanuo kwenye fundo. Sabuni ya kipande ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii: pH yake, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, hufika 9 au 10, inaongeza ile chaji hasi na nywele zinazidi kukwaruzana. Bahati nzuri yeye hakuwa akiitumia.

Hali aliyoichagua yeye, ya kusubiri zikauke kidogo, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kondishena hakupaka, maji yanaondoka, msokoto unajikaza kadiri unavyokauka. Amekosa faida ya maji na hajapata mnyoosho wa nywele kavu zilizovutwa.

Wiki za katikati

Kubadilisha siku ya kufumua kuliondoa sehemu kubwa ya tatizo, lakini zile wiki mbili za kukaa na nywele zake zilikuwa na uharibifu wake mdogo mdogo. Alikuwa anaziacha zikauke zenyewe zikiwa zimejikunja, zinapungua zaidi ya nusu ya urefu, na kila asubuhi anazichana kavu ili zikusanyike kwenye mpira. Kuchana kavu kila siku nywele zilizojikunja! Hata chanuo la meno mapana haliokoi hapo.

Tulikubaliana zisikauke zikiwa huru. Baada ya kuosha zinabaki ndani ya mabutu manane hadi kumi, zimekamuliwa kwa fulana ya pamba bila kusuguliwa, zinakaukia humo zikiwa zimenyooka kiasi. Akifungua, anatenga kwa vidole vyenye mafuta kidogo, hachani. Usiku anarudisha mabutu makubwa manne na kufunga kitambaa cha satini. Nywele zilizonyooka kiasi hazikumbatiani, na hata yale mafundo ya unywele mmoja uliojifunga wenyewe hupungua. Hayaishi, kwa umbo hili hayawezi kuisha. Ukilikuta moja usilivute, kata juu yake kwa mkasi mkali.

Juu ya kubana tulibishana kidogo. Alitaka nywele zilale laini kabisa mbele, kwa jeli na brashi ngumu, zikiwa bado zimelowa, na mpira uzungushwe mara tatu. Nywele zilizolowa zikibanwa hivyo zinakauka zikiwa zimevutwa, kila moja inazidi kukaza kadiri inavyorudi kwenye mkunjo wake. Jeli ikishakauka, brashi ya siku ya pili inavunja gamba la jeli pamoja na unywele uliomo. Alikubali kubana zikiwa kavu, kwa kamba laini ya kitambaa inayofungwa na kufunguliwa bila kupitishwa juu ya nywele, na kuhamisha mahali pa kubania siku hadi siku. Jeli hakuiacha. Anaipaka kwa kiganja na kuilaza kwa kitambaa, na siku ya pili analowesha kwanza kabla ya kugusa.

Moto hatukuutumia kabisa. Wapo wanaonyoosha kwa pasi kabla ya kusuka ili kazi iwe nyepesi kwa msusi, na kama ni lazima basi nywele ziwe kavu kabisa, maana maji yaliyomo ndani ya unywele yakichemka ghafla yanaacha mapovu yanayovunjika baadaye. Kwa utosi wenye vinundu vyeupe sikuona sababu ya kujaribu.

Ncha tulizipunguza siku ileile, pale tu palipokuwa na mpasuko au kinundu. Aliumia moyoni kwa sababu alikuja kutafuta urefu na anaondoka na pungufu. Lakini mpasuko wa ncha hupanda, na ncha iliyochanika ndiyo inayonasa nywele jirani.

Kilichobadilika na ambacho hakijabadilika

Urefu tulipima kwa kuvuta msokoto uleule, sehemu zilezile nne, kila alipofumua. Kipimo cha macho kwenye nywele zinazopungua kwa nusu hakina maana. Baada ya mizunguko mitatu, pembeni nywele zilikuwa zimepata karibu ukuaji wote uliotarajiwa, yaani kasoro ndogo tu ya sentimita nne na nusu. Utosini palikuwa nyuma ya hapo, kwa sababu mbili: nywele zilizokwisha kupata vinundu kabla hatujaanza ziliendelea kuvunjika kwa muda, na mwanzoni mkono wake nyumbani ulikuwa unarudia njia ya zamani akichoka. Siku ya kufumua ilimchukua jioni mbili badala ya moja. Jioni ya kwanza anafumua, anaondoa vipete na nywele zilizong'oka, anasokota mabutu, analala. Kuosha ni kesho yake. Mgawanyo huo ulisaidia kuliko bidhaa yoyote niliyoweza kumshauri, kwa sababu ulimwondolea ile haraka ya saa nne usiku, kichwa nusu kimefumuliwa na kazi inamsubiri asubuhi.

Rasta tulizipunguza kutoka wiki nane hadi sita. Nywele zilizong'oka zinakuwa chache, na fundo la kwanza halijafika mbali na ngozi kiasi cha kuning'inia kwa uzito wake wote kwenye nywele chache mpya.

Mbele bado. Kule kwenye panja tatizo halikuwa kuchana, na hakuna utelezi wa kondishena unaolifikia. Nywele za pale ni nyembamba kuliko za kwingine, na kwa miaka zilikuwa zinabeba rasta ndogo, ndefu, zilizokazwa mpaka vipele vidogo vinatoka siku mbili za kwanza. Maumivu hayo watu huyanywea dawa za kutuliza na kuyaita kawaida ya kusukwa. Mvuto wa namna hii ukikomeshwa mapema vinyweleo hurudi kazini. Ukiachwa miaka, vinakufa. Daktari ameona vinyweleo vingi bado viko hai, na amepanga kumtazama tena.

Kwa sasa msuko wake unaacha mstari mzima wa mbele, upana wa vidole viwili, bila rasta za kuongeza. Nywele hizo zinasokotwa mabutu madogo ya nywele zake mwenyewe. Hapendi jinsi inavyoonekana na ameniambia hivyo waziwazi. Aliomba tusuke mbele safari moja tu, rasta nyembamba, "ila usikaze, dada." Nilimkatalia. Tatizo la rasta nyembamba pale si mkono wa msusi peke yake: hata nisipokaza, uzito wa nywele za kuongeza zinazofika mgongoni unaning'inia kwenye nywele chache mchana na usiku kwa wiki sita. Tulichoafikiana ni rasta fupi, zinazoishia begani, kuanzia nyuma ya mstari ule, na mbele patazamwe tena baada ya daktari kusema neno lake.